Uzamivu

Saa nane usiku, wodi ya wazazi, Wete.
Kombo wa maabara ananicheka:
"Ukishaitwa Dokta, Bi Raya, sindano utamwachia nani?"
Nimeliinamia daftari la zamu, nahesabu dakika:
kumi na tisa, damu kutoka kwenye friji hadi kitanda cha saba;
thelathini na nne, usiku ule wa Mize.
Mize hakuzingoja.

Shahada ya uzamivu, wameiita.
Basi nazama humu,
katika mwandiko wangu mwenyewe,
wino uliochujuka kwa jasho la kiganja.

Niliibuka na mistari miwili ya grafu
na korido ndefu tunayoikimbia bure.
Wakubwa wakatazama. Wakanyamaza. Wakatia saini.

Jumatatu friji likahama.
Upande mzito aliushika Kombo.