Kimya Nacho Huhesabiwa

Miaka tisa hapa Isevya niliuza saa
kama wauzavyo nyanya: fungu kwa fungu,
elfu tano, ukija.
Usipokuja, zinaniozea mkononi.

Jumanne saa kumi ni ya Nyanzala, binti wa muuza asali.
Natandua kitambaa juu ya kinanda,
nafuta kile kibao cha fa kisichorudi vizuri,
naweka kiti cha pili.
Saa kumi na robo. Saa kumi na nusu.
Treni ya kutoka Mpanda inapiga honi, nayo imechelewa,
lakini waliomo walilipa nauli tangu jana.

Kisha ujumbe: mwalimu samahani, tumepata mgeni.
Wiki ya pili mvua. Ya tatu, kipaimara cha binamu.
Mama yake mtu mwema, huniletea chupa ya asali ya Sikonge.
Mwenye nyumba wangu hali asali.
Ana kisukari.

Mwezi wa pili nikakaa na daftari kwenye taa ya kuchaji:
wanafunzi kumi na wawili, mara elfu tano, mara wiki kumi,
laki sita, hesabu ya ndotoni.
Kwenye kopo la maziwa ziliingia laki tatu na elfu thelathini,
na elfu kumi ya humo ilikuwa ya dada yangu.

Nikakumbuka ninachowaambia kila siku
nikigonga meza kwa penseli:
Usikimbie hapo, hapo pana pumziko.
Moja, mbili. Kimya nacho huhesabiwa.
Nikacheka peke yangu. Umeme ukarudi.

Nikaandika upya:
Muhula, wiki kumi, elfu themanini.
Ndani yake somo kila wiki na daftari la nota;
Jumamosi asubuhi kinanda kiko wazi kwa mazoezi,
na siku ya mwisho wazazi wakae kwenye benchi wasikilize.
Nusu kabla ya nota ya kwanza, nusu wiki ya tano.
Asiyekuja, saa yake imeshapigwa.

Mara ya kwanza kuitamka, nilikohoa.
Elfu the— samahani — themanini.
Baba Mihayo, fundi magari wa Cheyo, akaweka spana chini:
"Mwalimu, vidole ni vya mtoto, kinanda ni kile kile,
kipi kimepanda bei?"
Nilikuwa na jibu refu. Nikasema:
"Ukishafungua injini, mwenye gari asipotokea,
nafasi ya banda lako inalipiwa na nani?"
Akaitazama pikapu nyekundu iliyo juu ya matofali
tangu mwaka juzi.
Alilipa nusu. Noti zilinuka girisi.

Watano waliondoka. Nisidanganye kwamba sikuumia.
Mmoja ni Shija wa Kiloleni,
mwenye sikio linaloijua fa yangu mbovu akiwa bado mlangoni,
aliyelipa kwa sarafu za karanga.
Sikumfuata. Bei iandikwayo usiku ikafutwa mchana,
nani ataiheshimu?
Lakini Alhamisi saa tisa bado haijapata mtu,
na mimi sijaitangaza.

Wakabaki saba. Laki tano na sitini.
Kodi ilitoka tarehe mosi; mwenye nyumba
akazihesabu mara mbili, akanitazama usoni.
Na mvua ya Machi ilinyesha kama ya miaka yote,
mtaro wa Isevya ukafurika,
Nyanzala akaja amejifunika mfuko wa mbolea,
viatu mkononi.
"Mama kasema imeshalipiwa."

Jana mhasibu wa kwaya alinipigia:
harusi, Jumamosi, kupiga kinanda, bei gani?
Nikataja.
Upande wa pili ukaingia ukimya.
Zamani ningeukimbilia,
ningepunguza kabla hajavuta pumzi.
Moja, nikahesabu. Mbili.
Tatu.