Flashi Mfukoni

Duka la Farquhar, Dundee, Jumamosi ya manyunyu.
Nimeingia na flashi mfukoni
kama mtu aendaye kuposa na maswali yake kayaandika.

Ya kwanza nyembamba, yang'aa,
bei yake nusu ya posho yangu ya muhula.
Nikachomeka. Kioo kikawaka, waifai ikagoma.
"Ina nini?"
"Haina ugonjwa, mzee. Imezoea bwana mmoja."

Ya pili ilisinzia nilipofunga kifuniko,
haikuamka tena. Nikabonyeza, nikabembeleza.
Usingizi wa pono.

Farquhar akavua miwani:
huo mfumo wako, ni wa bure?
Nikakwama. Lugha yake ina neno moja
kwa kisicho na bei na kwa kisicho na bwana.
Kwetu bure ni bure na huru ni huru,
na mtumwa aweza kutolewa bure.

Ya tatu aliitoa chini ya meza, nzito kama tofali,
herufi E imefutika kwa vidole nisivyovijua
(kwa lugha yangu ingetangulia A).
Flashi ikazama. Waifai, ndiyo. Sauti, ndiyo.
Kamera ikaiona pua yangu.
Nikafunga, nikahesabu hadi ishirini, nikafungua:
ipo palepale, kama aliyefumba macho akisikiliza.

Pauni mia na arobaini.
Bisibisi akanitupia juu yake.
Hii, nikamwambia, ndiyo bure.

Betri yakaa saa mbili tu.
Tasnifu ni miaka mitatu.
Nitakaa karibu na soketi.