Pigo la Nne

Nimembandikia mkononi, juu kidogo ya kifundo,
upande wa kidole cha mwisho, waya mbili.
Nabonyeza.
Kidole gumba chashtuka: moja.
Mbili. Tatu, kwa uvivu.
Ya nne siioni.

Bi Mwanamisi wa Kibokoni, mshona kofia.
Kibofu cha nyongo kimo bakulini na vijiwe vyake,
Daktari Mwadime keshavua glavu,
anatazama saa: foleni ya daraja la Nyali haina huruma.
"Kifua kinapanda, kinashuka. Mtoe bomba, twende."

Kifua ni mwongo, namwambia.
Huamka mbele, koo likabaki nyuma limelala
na mate hayajui njia.

Simwambii habari ya Bwana Mkala,
kuli wa Kilindini, mwaka nilioanza kazi.
Wakati ule tulipima kwa macho.
Alifumbua jicho, tukasema kazinduka,
tukamsukuma chumba cha pili, tukaanza kubishana
nani kala maandazi ya nani.
Siku ya tatu akaniita kitandani.
"Habari ya maandazi yote naijua," akasema.
"Nilikuwa nakwambia sina pumzi,
ila ulimi ulikuwa wa mtu mwingine."
Hakunilaumu. Aliomba maji.

Tangu hapo nahesabu.

Dawa ya kuzindua imeshaingia. Nabonyeza.
Moja, mbili, tatu,
na ya nne ipo, lakini ni kivuli cha ya kwanza.
Kioo chasema sitini kwa mia.
Daktari anashusha pumzi kwa sauti.
Nyamvula anahesabu mikasi mara ya pili,
hakuna aliyemwomba. Kiyoyozi kinakohoa.

Sabini na tano.

Kidole hiki kina sugu ya sindano,
miaka arobaini ya kutoboa vitobo
na kuvizungushia uzi, kimoja kimoja,
na mteja mlangoni akiuliza, bado?
Bado, bwana. Bado.

Themanini na moja. Bado.

Tisini na tatu,
na mapigo manne yamelingana
kama vitobo vya safu moja.
"Bi Mwanamisi, fumbua macho. Inua kichwa. Nishike mkono."
Ananibana mpaka pete yangu inaniuma.
Bomba linatoka na kikohozi kikubwa, cha hasira,
na nyuma yake sauti ya kukwaruza, yake mwenyewe:

"We mwana, mbona wanidonoa?"