Droo ya Tatu

Droo ya kwanza ina vijiko, ya pili mishumaa na risiti za umeme.
Ya tatu usiivute kwa pupa:
humo wamelala wageni wangu arobaini na mmoja,
kila mmoja kajikunja, ulimi kautia ubavuni.

Hapa ni Sheffield, mtaa wa Burngreave, juu mlimani,
mji ambao zamani ulinoa nusu ya dunia.
Karakana za kule chini sasa ni fleti za wanafunzi.
Mimi nasukuma vitanda hospitalini, zamu ya usiku,
na Jumapili, badala ya kulala, naenda mnadani
kupekua makopo ya skrubu na funguo zisizo na mlango.

Huyu Mfaransa, mpini wa mti, pete ya chuma shingoni:
ukiizungusha pete, hakunjiki tena,
kwa hiyo sheria ya hapa haimtaki barabarani.
Kifungo cha nyumbani.
Huyu Mjapani ni bati la shaba lililokunjwa, basi,
hana springi, hana madaha, ana kijimkia cha kubonyeza.
Huyu Mhispania akifunguka hulia kra, kra, kra,
kama goti la baba mkwe.

Na huyu mzaliwa wa hapa hapa, mpini wa pembe,
nilimpata kwa mjane wa Bwana Staniforth.
"Kisu hakitolewi bure," alisema, "hukata urafiki. Lete senti."
Nikampa. Akaigeuza pande zote mbili
kama anayekagua noti ya elfu kumi.
Makali yameliwa na jiwe la kunolea
hadi yamebaki wembamba wa mwezi wa siku tatu.
Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, walisema wahenga;
hawakusema kwamba kisu nacho huliwa.

Machi ikaja barua ya shule.
Mvulana wa darasa la juu, kituo cha tramu, jioni, kweupe.
Salha aliisoma amesimama,
akaiweka juu ya droo ya tatu, hakunena neno.
Wala mimi sikumwambia
kwamba kitanda cha mtoto huyo nilikuwa nimeshakisukuma,
usiku wa juzi, polepole,
gurudumu moja likilia.

Kesho yake nikawatia wote kwenye mfuko wa sokoni,
nikashuka nao hadi lile sanduku la chuma la polisi
ambamo watu hutupa makali bila kuulizwa.
Njia nzima nilitembea kama mwizi wa kuku:
kisheria, nilikuwa jeshi zima.
Tundu lake jembamba, mdomo wa mtu aliyenuna.
Nikasimama hadi mvua ikanikuta, ikaniacha, ikarudi.
Nikatumbukiza mmoja, yule wa fuvu lililochorwa,
niliyemnunua kwa sababu alikuwa rahisi.
Aliangukia wenzake kwa sauti ya vijiko.
Waliobaki nikarudi nao. Sijui kama nilifanya vyema.

Salha hakuuliza. Alihesabu.
"Arobaini," akasema,
akatia kufuli.

Ufunguo anao yeye. Ijumaa hunitolea mmoja tu,
yule mweusi mwenye nyota na miezi ya bati ubavuni,
ndugu wa kile alichomenyea machungwa mjomba Shekue, stendi ya Muheza,
ganda likishuka refu kama utepe.
Jana Idrisa, miaka kumi na mitatu, akauliza, "Nijaribu?"
Nikamtazama mama yake. Mama yake akatazama dirisha.
"Lete senti," nikasema.
Akapekua mifuko, akaleta.
"Dole gumba nyuma. Chungwa ndilo lizunguke, kisu kitulie."
Ganda lilikatika mara nne,
maji yakatiririka kwenye daftari la hesabu.
Salha akaokota kipande kilichochubuka,
akatema mbegu kiganjani,
akala.