Shamba Kwenye Chaji

Jaruba la saba, upande wa mfereji,
halijaota mpunga tangu mwaka ule tulipoiba zamu za maji:
tukafurisha usiku, tukalala,
jua la Usangu likanywa lote, likatubakizia ganda jeupe.
Ng'ombe wakiswagwa kwenda Madibira
walikatisha hapo kulamba.
Mimi nilicheka. Mama hakucheka.

Kisha akaja Atuganile kutoka Uyole,
buti zimemzidi namba mbili,
na paneli nne, betri za lori, vyuma kumi na sita.
Vya huku akavifunga waya mwekundu,
vya kule mweusi, hatua mbili katikati.
"Chumvi ikiyeyuka," alisema, "ni watu wawili
waliooana bila kupendana.
Mmoja anaelekea chanya, mwenzake hasi.
Sisi tunawafungulia mlango tu."

Ubaruku nzima ikasema tunachaji shamba kama simu.
Balozi Mwasenga alikuja kuuliza
litajaa lini,
na kama anaweza kuazima asilimia kumi.

Nililipwa kulinda betri.
Nililala juu ya turubai, vyura wakigombana,
mashine ya kukoboa ikikohoa mbali.
Nilitega sikio: umeme haupigi kelele udongoni.
Ila alfajiri, penye waya mwekundu palinuka jiki
kama uani kwetu siku ya kufua sare za shule;
penye mweusi maji yalichuruzika shimoni,
ukiyashika yanateleza kama sabuni.
"Usiguse!" Nilikuwa nimeshagusa.

Tuliyakomba ndoo kwa ndoo hadi pipa la bluu.
Chumvi haifi, alisema, inahamishwa.
Nikalitazama pipa
nikawaza, nalo litahamia wapi?

Wiki ya tatu mawingu ya Uporoto yalitukalia siku nne,
paneli zikafumba macho,
na chumvi, ilipohisi mkono umelegea,
ikaanza kurudi nyumbani.
Wiki ya tano chuma kimoja tulikichomoa
kimelika kama mswaki wa mti.

Atuganile ana mita.
Mama ana ulimi.
Kila Jumapili baada ya ibada,
kitenge cha kwaya bado kiunoni,
anachutama, anabana chembe ya udongo, anaonja, anatema.
Tisa, inasema mita. Bado, anasema Mama.
Sita, inasema mita. Bado.

Na hiki ni kipande cha kulaza mikeka mitatu.
Majaruba kumi na moja yangali meupe kama shuka za hospitali.
Gharama zake nimezipigia hesabu nyuma ya daftari la mbolea;
sijamwonyesha mtu.

Jana mita ilisema mbili na nusu.
Atuganile akaifuta kioo, akapima tena. Mbili na nusu.
Mama akainama, akachukua chembe,
akaiweka ulimini,
akatazama milimani.

Tulingoja.

Alichelewa kutema.