Hao Hawajauma

Jumamosi maji yalifunguliwa alfajiri.
Ambakisye akaja na fito mbili za mianzi,
mimi na kopo la maziwa lililojaa nyungunyungu
niliowachimba nyuma ya choo cha shule.

Boya letu ni kipande cha kandambili ya buluu.
Halikutikisika
mpaka jua likapanda juu ya mpunga wa Ubaruku.
Kisha likazama, tii!
Akatoka perege wa kiganja kimoja,
akatukodolea macho kama anatudai.

Jumatano tulihamia Mto Mbarali. Maji mazito, rangi ya chai.
Kambale akakata mshipi, akaondoka na ndoana
na matusi yote ya Ambakisye, kwa Kinyakyusa,
ambayo sitayatafsiri.

Leo mfunga mageti kageuza zamu,
maji yameitwa mashamba ya chini.
Mfereji umebaki tope na vidimbwi,
na wote tuliowakosa wamelala wazi
wakipiga mikia.
Watoto wanawaokota kwa ndoo.

Ambakisye katazama, fito begani.
"Twende," kasema. "Hao hawajauma."

Njiani tumepita kwa Tusekile,
tukakopa dagaa.