Breki ya Nyuma

Tukishuka mlima wa Riat kutoka Kiboswa, Abuya haniambii kitu.
Mbele anakaa yeye, mwenye macho.
Nyuma nipo mimi, mwenye masikio.
Baiskeli moja, pedali jozi mbili, mnyororo mrefu kama deni,
na uzito wa watu wawili
unaoteremka kama mlevi mmoja.

Breki za ringi nazijua kwa harufu.
Mpira hulia kwanza, halafu hunung'unika,
halafu hunijia harufu ya ndara iliyoangukia jikoni,
nami najua tumeingia kona ya kwanza.
Siku ya mvua hazilii. Hapo ndipo naogopa:
ringi imelowa, mpira unateleza,
gurudumu linazunguka mara mbili, mara tatu,
kabla ya kukumbuka kwamba limeshikwa.
Abuya husema, "Poa, poa."
Lakini usukani wangu umefungwa chini ya tandiko lake;
akikaza mapaja, vidole vyangu vinapata habari.

Mwezi wa nne ringi ilipata moto, tyubu ikapasuka: pa!
Tukalala mtaroni, yeye chini, mimi juu,
na trei tatu za mayai juu yetu sote.
Hatukuhesabu yaliyopona.

Fundi Wasuna wa Kibuye akaniwekea kitu mapajani.
Nikakipapasa: sahani ya chuma, baridi, nyembamba,
yenye matundu, kama kifuniko kilichotafunwa na panya.
"Diski," akasema. "Hii mvua haiijui.
Ila ikipinda itakwaruza mpaka uchoke nayo,
na pedi zake hapa hakuna, uagize Nairobi, ungoje.
Mpira wa ringi unauzwa hata penye chumvi na kiberiti."

Abuya akataka diski.
Mimi nikataka ringi: bora shetani ninayejua harufu yake.
Tukabishana hadi chai ikaota ngozi.

Wasuna hakujibu. Nikasikia spana.
Nikasikia waya ukivutwa kwenye fremu, polepole,
ukaupita mkono wa Abuya,
ukaja kuishia kwangu.
"Za ringi zibaki kwa mwenye macho," akasema.
"Diski atashika huyu. Mlima mrefu unataka mtu asiyeuona."

Jumamosi tulishuka kwenye manyunyu.
Abuya akasema, "Kona."
Nikabana.
Hapakuwa na harufu. Palikuwa na sauti ndogo tu,
kama mchele ukipepetwa chumba cha pili,
na baiskeli ikatulia chini yetu kama ng'ombe aliyeguswa na mwenyewe.
"Umeshika?"
"Nimeshika. Wewe tazama njia."
Hewa ya ziwa ikatupiga usoni, nzito, karibu,
na kwa mara ya kwanza mapaja yake yalikuwa yamelegea.

Leo asubuhi, tukipita Mamboleo,
imeanza kukwaruza. Kidogo tu.
Sijamwambia.